Kamba Iliyopimwa kwa Hamsini

Neema na Joffrey,

Wiki ile niliyowakabidhi funguo mliniuliza mambo mawili. Joffrey aliuliza kwa nini kamba ya katani inayoning'inia nyuma ya mlango wa studio ina mafundo ya aina mbili, mengine matupu na mengine yamezungushiwa uzi mwekundu. Neema akauliza kama mnaweza kung'oa ule msumari uliopinda unaoishikilia, mpigilie mwingine ulionyooka. Nikasema nitawaandikia. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya mtu anayeaga. Sasa nimestaafu, maharage nimeshapalilia, na mvua imenifungia ndani hapa Chanji, kwa hiyo mtasoma mpende msipende.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka kwenye lori kutoka Mpui nikiwa na sanduku la bati na barua ya mjomba wangu iliyoeleza kwamba mimi ni binti mtulivu. Mzee Kalisto, mwenye studio, aliisoma barua yote mpaka sahihi, kisha akaikunja.

"Utulivu tutauona," akasema. "Giza unaliogopa?"

"Siliogopi, mzee."

"Vizuri, maana ndilo ofisi yako."

Akanipeleka chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa stoo ya vitunguu na harufu ilikuwa haijapata habari kwamba vitunguu vimehama. Kazi yangu ilikuwa kuosha picha. Ilikuwa Juni, na nyinyi mnaujua ubaridi wa Juni wa Sumbawanga. Nikatumbukiza karatasi kwenye sinia la dawa kama nilivyoelekezwa, nikasubiri uso utokee. Haukutokea. Nikasubiri tena, machozi yakinilenga, nikijua kesho narudi Mpui na sanduku langu. Mzee Kalisto akaingia, akatia kidole ndani ya sinia.

"Hii dawa imelala," akasema. "Hata wewe kwa baridi hii ungelala."

Akanifundisha kupasha tofali kwenye jiko la mkaa huko nje, kulifunga kwa gunia na kuliweka chini ya sinia. Mara ya pili uso ulitokea, polepole, kwanza nyusi, halafu mdomo. Alikuwa mama muuza dagaa wa sokoni, amenuna kama amedhulumiwa. Nilifurahi mpaka nikamwamkia. Nimeshaona maelfu ya nyuso zikitokea tangu siku ile, na ile furaha haikuniisha kabisa, ndiyo maana nilikaa.

Mwaka wa pili Mzee Kalisto alinitoa gizani akanipa kamera mkononi, na pamoja na kamera akanipa kamba. Mumwelewe yule mzee. Alikuwa na lenzi moja tu, ile tunayoiita hamsini kwa sababu imeandikwa milimita hamsini kwenye ukingo wake. Wenzake wa mjini walikuwa na lenzi za kuvuta na za kupanua. Yeye alisema mpiga picha mwenye miguu miwili tayari ana lenzi ya kuvuta.

Kwa kuwa lenzi ilikuwa moja, alipima kila kitu mara moja akamaliza. Akachukua kamba ya katani, akafunga mafundo manne. Mwisho mmoja anaushika mteja kifuani, wewe unarudi nyuma na kamba mpaka fundo unalolitaka. Fundo la kwanza ni paspoti. La pili ni mtu mpaka kiunoni. La tatu ni mtu mzima amesimama na viatu vyake vinaonekana, maana mtu aliyeazima viatu kwa ajili ya picha hataki vikatwe. Fundo la nne ni familia. Ukisimama kwenye fundo, picha inaenea, huna haja ya kubahatisha. "Filamu ina picha thelathini na sita," alikuwa akisema. "Ya thelathini na saba wanayo malaika."

Ile kamba ilitembea Ufipa nzima. Ikiwa tumeitwa kwenye nyumba ya mtu, nilitangulia siku moja kabla, nikaipima sebule kwa kamba, nikawaambia wenye nyumba wataenea au tutoke nje. Sikuwahi kukosea. Mara moja tu ilitushinda, huko Kate, kwa mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Alitaka kupigwa na ng'ombe wote.

"Wote, mzee?" nikamuuliza.

"Sasa nichague nani?" akasema. "Yule utakayemkata atanionaje jioni?"

Nikarudi nyuma mpaka fundo la nne, nikaona pembe na mikia ya watano. Nikaiacha kamba. Nikarudi nyuma nikavuka mtaro, nikavuka shamba la mihogo la jirani, nikaambiwa maneno na jirani, nikapanda kichuguu. Hapo ng'ombe wote wakaingia, na mzee mwenyewe akawa mdogo kama punje katikati yao. Alipoiona picha aliitazama muda mrefu. Akasema imetoka vizuri, ng'ombe wote wanaonekana, na yeye mwenyewe si lazima.

Basi miaka ikaenda hivyo. Mzee Kalisto akachoka macho, akamwachia mwanawe studio, na siku ya kuondoka akanivulia kofia yake kwa heshima za utani, akaweka lenzi yake ndani, akanipa. Nilipofika nyumbani niliifunga kwenye kitenge changu cha harusi, maana sikuwa na kitu kingine cha hadhi hiyo.

Kisha filamu zikaanza kuadimika, na yule mwanawe, sasa ndiye mwenye studio, akaenda Mbeya akarudi na kamera mbili za dijitali. Zilikuja na lenzi moja fupi ya kuvuta na kupanua, nyepesi, ya plastiki. Niliishika kwa vidole viwili nikairudisha kwenye boksi. Nikachukua hamsini ya Mzee Kalisto, nikaijaribisha kwenye kamera mpya, ikaingia ikalia *tak*, kama imerudi kwao.

Mwenye studio aliniambia alichoambiwa dukani. "Wanasema lenzi za zamani kwenye hizi kamera unazidisha kwa moja na nusu. Hamsini yako sasa ni sawa na sabini na tano."

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza. Nilisikia hamsini imekuwa sabini na tano, nikafurahi kama mtu aliyeambiwa kiwanja chake kimeongezeka. Nikawa nawatangazia wateja: lenzi hii ilikuwa hamsini, imekua. Hakuna aliyeniuliza imekula nini. Ni kweli niliona pale studio kwamba inabidi nirudi nyuma zaidi ya zamani, lakini chumba kile ni kirefu na nje Mungu ametupa nafasi. Nikarudi nyuma bila kufikiri. Kamba nikaiacha kama ilivyo, kwa ajili ya kupimia nyumba za watu.

Alhamisi moja ya Julai akaja dada mmoja aitwaye Daria, kifungua mimba wa Mama Skolastika wa hapa hapa Chanji. Nilimfahamu mama yake kwa sura, mama mrefu aliyekuwa akiuza ulezi. Daria akanieleza kwamba mama anaumwa kifua tangu Mei, hatoki kitandani, na amesema anataka kitu kimoja tu: picha moja akiwa na watoto wake wote saba. Picha hiyo haikuwahi kuwepo, kwa sababu wa mwisho, Oswadi, aliondoka akiwa kijana kwenda kuvua Ziwa Tanganyika, wakati ambapo yeye na Daria hawasemeshani.

"Anakuja Jumamosi," Daria akasema. "Amepata lifti ya gari la samaki. Saa saba mchana linarudi Kasanga na yeye anarudi nalo. Mwaka huu hatakuja tena. Na mama..." Hakumaliza, na sikumtaka amalize.

Nilikwenda naye siku ile ile na kamba yangu. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimeegemea ukuta mmoja, na ukuta unaokikabili una dirisha pana la mbao la mbawa mbili, limepigiliwa misumari na magunia kwa sababu ya upepo. Daria akashika mwisho wa kamba kifuani pake pembeni mwa kitanda. Nikarudi mpaka ukutani. Fundo la nne lilifika na shubiri moja ikabaki.

"Wataenea," nikamwambia mama. "Wote saba na wewe."

Mama Skolastika akanishika mkono. "Basi nitamsubiri huyo wa ziwani," akasema.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa pale. Oswadi alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni kama mgeni, na Daria anampita bila kumgusa bega. Mama amekalishwa kitandani kwa mito, amevaa kilemba kipya. Nikawapanga: watatu wamekaa kitandani na mama, wanne wamesimama pembeni, huku na huku. Nikarudi mpaka mgongo ukagusa magunia ya dirisha, nikachungulia.

Watano.

Kile kipande kidogo cha ndani ya kamera kinachopokea picha wenyewe wanakiita sensa, na siku ile sensa yangu ilihesabu watu watano kati ya wanane. Daria alikuwa amekatwa upande mmoja, wawili hawakuwemo, na Oswadi, aliyejiweka mwisho kabisa mwenyewe, hakuonekana hata sikio. Nikajibana ukutani. Nikajaribu kutoka pembeni, kabati likanizuia. Nikawasogeza mpaka wakakosa pumzi, nikapata wa sita. Ile lenzi fupi ya plastiki, ambayo ingemaliza kazi kwa dakika moja, mwenzangu wa studio alikuwa ameondoka nayo alfajiri kwenda kupiga harusi Mpui. Jasho lilinitoka Julai ile. Nilikuwa nimempa mgonjwa ahadi kwa kutumia kamba.

"Kuna shida, dada?" Oswadi akauliza.

Nikasema kweli. Nikasema kamba imeniambia mtaenea na kamera inasema hamuenei, na sijui kwa nini. Mmoja wa wale ndugu, mwalimu, akasema nipige mara mbili, nusu na nusu, halafu niunganishe kwenye kompyuta. Mwingine akasema tumtoe mama nje. Daria akakataa la nje, kifua kitamwua. Mama Skolastika akalikataa la kompyuta.

"Mimi sikuzaa watoto wa kuunganishwa," akasema. Kisha akanyoosha kidole, juu ya bega langu. "Ng'oeni hilo dirisha. Huyu binti atoke, apigie kule nje."

"Mama, upepo," Daria akasema.

"Upepo huu nimeukuta, nao umenikuta. Tunafahamiana."

Daria akatazama saa. Ilikuwa saa tano imepita. Akamgeukia Oswadi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu aingie. "Koleo liko chini ya kitanda," akamwambia.

Oswadi akang'oa misumari mmoja mmoja, polepole, ili mbao zisipasuke. Kila msumari alioung'oa hakujua auweke wapi, maana sakafuni mama angeukanyaga siku akipata nguvu. Daria akamkingia kiganja. Akawa anaiweka humo, naye anaipokea. Magunia yakashuka, mbawa zikafunguka, na mwanga ukaingia ukatua kwenye nyuso zao zote. Daria akamfunika mama blanketi la pili, akakaa upande unaotoka upepo.

Mimi nikatoka nje, nikapanda juu ya kreti la soda, nikarudi nyuma hatua tatu kila mara nikilisogeza kreti. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kadiri nilivyorudi, dirisha lilizidi kuwa dogo machoni pangu, na fremu yake ikawa inanikatia chumba: kwanza likapotea kabati, halafu kona, halafu mbao zikakaribia bega la Oswadi. Chumba kilikuwa kile kile. Hakuna aliyekipunguza wala kukisogeza karibu. Kilichopungua ni uwazi wa kuchungulia. Nikajisemea, wewe mwanamke, hivyo ndivyo kamera yako ilivyo. Hamsini haijakua hata nywele moja. Inaleta picha ile ile iliyokuwa ikiiletea filamu, ila nyuma yake sasa kuna dirisha dogo, na dirisha dogo linakata kingo. Kilichobaki katikati kinaonekana kama kimevutwa karibu, ndiyo maana wakasema ni sawa na sabini na tano. Ni sawa na. Hawakusema imekuwa.

Nikasogea mbele nusu hatua, mbao zikatoka kwenye picha. Nikahesabu. Wanane. Nikapiga, nikapiga tena, nikapiga mpaka mama akaniuliza kama nimelipwa kwa sauti ya kamera.

Saa saba kasorobo Oswadi aliondoka kuwahi gari lake. Daria alimsindikiza mpaka barabarani. Mama akasema dirisha lisipigiliwe tena, lifungwe kwa kamba tu, lifunguliwe mchana jua likiwa kali.

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Kalisto kushtaki. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwaga yote. Nikamwambia kamba yake imenidanganya mbele ya mgonjwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kamba haikukudanganya," akasema. "Umeiuliza habari za kamera nyingine. Ilete hapa."

Nikamwambia wanazidisha kwa moja na nusu, sijui kwenye kamba inakuwaje. Akasema rahisi. Akaikunja kamba kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza, ikawa nusu. Akaongeza nusu ile mbele ya fundo, akanishikisha. "Moja na nusu hiyo." Macho hayaoni, lakini vidole vyake vilijua kila fundo. Tukafanya hivyo mpaka la nne, ambako kamba haikutosha, tukaunga kipande, ndicho kile kiungo mnachokiona. Nikafungia uzi mwekundu kwenye mafundo mapya. Nikataka kuyafungua ya zamani, akanizuia mkono. "Hayo ndiyo unayoyazidisha," akasema. "Ukiyafungua utazidisha nini?"

Ndiyo sababu yapo ya aina mbili, Joffrey. Ukipata kamera yenye sensa kubwa kama filamu, rudi kwenye mafundo matupu. Ukipata yenye sensa ndogo zaidi, uliza inazidishwa kwa ngapi, ufunge uzi wa rangi nyingine. Simu yako inaposema lenzi yake ni ishirini na sita, usiamini kwamba kile kioo kidogo kama dengu ni cha milimita ishirini na sita. Inakwambia ni sawa na ishirini na sita kwenye filamu ya Mzee Kalisto. Mpaka leo dunia nzima inapima kwa dirisha lake, ingawa hawamjui. Na wewe Neema, pua za watu kwenye paspoti zako zinakuwa kubwa kwa sababu unawasogelea mno na simu, si kwa sababu ya sensa. Rudi nyuma, pua itarudi mahali pake.

Ile picha mnaifahamu, ipo ukutani juu ya mashine ya kuchapia. Mteja mmoja aliwahi kuniambia imeharibika kwa sababu mama hatazami kamera. Alikuwa akimtazama jirani nyuma yangu aliyekuwa anapeta ulezi, mara ya kwanza kuona watu wa nje tangu Mei, na mkono wake umeinuka kidogo kumsalimia. Nilikuwa na nyingine ambayo wote wananitazama. Mama mwenyewe alichagua hii. Mtazame na Daria pia: mkono wake wa kulia umefumba ngumi juu ya blanketi. Si hasira. Ameshika misumari.

Mama Skolastika alifika mpaka mvua za kwanza. Baada ya arobaini Daria alikuja studio kuomba nakala sita, moja kwa kila mdogo wake, na ya Oswadi akasema ataipeleka mwenyewe Kasanga kwa mkono wake. Wakati wa kuondoka alifungua pochi, akaniwekea kwenye meza msumari mmoja uliopinda. Akasema mingine wamegawana.

Nilitafuta mahali pa kuuweka kutwa nzima. Jioni nikaupigilia nyuma ya mlango kama ulivyo, nikatundika kamba. Kwa hiyo hapana, Neema. Acheni hivyo hivyo, na msiunyooshe.